Ugali wa Uwele Ng'ambo ya Mto Bubu

Mke wangu alipostaafu ualimu alikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya kwanza alipanga upya makabati yote. Wiki ya pili alipaka geti rangi. Wiki ya tatu alianza kunisahihisha ninavyokunja mashati, nami nikaona hapa sasa pana hatari. Watoto wetu walikwishajitegemea, nyumba yetu ya Ipagala ilikuwa kimya tangu asubuhi hadi jioni, na mtu aliyezoea kusimama mbele ya watoto themanini darasa zima hawezi kuzeeka akisikiliza jokofu likinguruma. Jumatatu moja nilikuwa napakia vifaa kwenye pikapu, akatoka amevaa raba na kujifunga kilemba.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Uendako," akajibu, akafungua mlango wa abiria, akaketi na mkoba wake mapajani.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga nafaka. Karakana yangu iko Kizota, na mashine zinapogoma vijijini wenyewe hunipigia simu nizifuate. Kwa kazi hiyo nimezunguka Bahi, Manyoni, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini mtu angeniuliza watu wa huko wanakula nini, wanapikaje, nisingekuwa na jibu. Nilisafiri na mkate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, nikala ndani ya gari vioo vimepandishwa. Sababu yake ilikuwa supu. Nikiwa kijana nilikunywa supu iliyoharibika mahali fulani njiani, nikalala kitandani siku tano, na nilipoinuka nikajiwekea sheria ya kutokula tena barabarani. Miaka ilivyozidi kwenda ile sheria ikageuka kiburi. Nilijisifu mbele ya mafundi wenzangu kwamba mimi sipotezi muda njiani.

Siku ile ya kwanza tulipofika Makutupora nikaegesha pembeni, nikamkabidhi mke wangu yai. Alilitazama, akanitazama mimi.

"Miaka yote hii unakula hivi?"

"Ndiyo."

"Kama mtu anayetafutwa na polisi?"

Alikula yai lake, akakunja maganda kwenye karatasi. Ila keshoye, kabla hatujatoka kwenda popote, aliniongoza nyuma ya karakana yangu mwenyewe, akapita kati ya wachomelea vyuma na wauza mabati, akaingia kwenye kibanda nilichokuwa nakipita kila siku kwa miaka kumi na moja. Mle ndani kulikuwa na mama mmoja anayepika maharage ya nazi na chapati laini kama khanga iliyofuliwa. Yule mama alipotuona akacheka. "Fundi," akaniambia, "nilidhani wewe una ugomvi na mimi."

Basi ndivyo tulivyoanza. Mke wangu alikuwa na namna yake ya kuchagua mahali pa kula, na sikumwona akikosea zaidi ya mara mbili. Mabango hakuyasoma. Alitazama kama sufuria zimefunikwa, kama maji ya kunawa ni ya moto, na kama mpishi mwenyewe anakula alichokipika. Kabla hajaketi alikwenda jikoni kwanza, akapiga hodi, akasalimia, akauliza leo kuna nini na kimepikwaje. Mwanzoni niliona haya. Nilidhani wapishi watachukia kukaguliwa. Kumbe walikuwa wanafurahi. Mtu anayepikia wasafiri huulizwa bei na huulizwa kama chakula kipo tayari. Ni nadra kuulizwa amejifunza wapi.

Kwa njia hiyo nikaanza kuifahamu nchi niliyokuwa naizunguka nimejifungia. Karibu na Mayamaya tulimpata mzee anayechoma mbuzi bila chochote ila chumvi, na anayekataa kumuuzia mtu nyama ambayo bado haijaiva hata kama basi linapiga honi. Manyoni palikuwa na dada wawili, mapacha, mmoja akipika wali na mwingine akipika mboga, na hakuna anayegusa sufuria ya mwenzake. Kongwa tulinywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, mazito mpaka unayatafuna. Kote huko nilikuwa nasimama nyuma ya mke wangu kama mwanafunzi mgeni, nikimsikiliza anavyozungumza na watu.

Lakini safari ninayotaka kuieleza hasa ni ya upande wa Farkwa.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati upepo wa Dodoma unapochuna midomo na watu wanaamka wamevaa makoti. Nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja ng'ambo ya Mto Bubu. Mashine yao ya kusaga ilikuwa inatetemeka mpaka misumari ya paa inalegea, kisha ikazima kabisa. Wiki mbili sasa watu walikuwa wanabeba nafaka kwa miguu mpaka kijiji cha pili, au wanatwanga nyumbani. Tukatoka Ipagala alfajiri, tukapita Msalato jua likichomoza, tukashika barabara ya Kondoa hadi Chemba, kisha tukaacha lami na kukata kushoto. Mto Bubu ulikuwa mchanga mtupu. Tulivuka taratibu, akina mama walikuwa wanachota maji kwenye visima walivyochimba mtoni kwa mikono, na ng'ambo kulikuwa na mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu.

Mwenyekiti alitupokea. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, mwenye haraka, anayezungumza huku anatembea. Alitaka nianze kazi mara ile ile, lakini mke wangu akamuuliza kwanza, "Mama, hapa mtu akitaka kula anakula wapi?"

Mwenyekiti akanyoosha mkono ng'ambo ya barabara. "Ni pale tu. Lakini kama mmezoea vyakula vya mjini sijui."

Pale penyewe palikuwa nyumba ya tofali za udongo yenye chumba kimoja, paa la bati, benchi mbili na meza moja ndefu. Nyuma kulikuwa na uwanja uliofagiwa, mafiga matatu, na kinu kikubwa cha mti. Mwanamke mnene wa miaka kama sitini alikuwa anatwanga, peke yake, kwa mapigo ya polepole yasiyokatika. Mke wangu akapiga hodi.

"Karibuni. Poleni na safari."

"Tumeshapoa, mama. Pole na kazi."

"Kazi nimeizoea. Hiyo mashine ikipona nitapumzika."

Alisema Kiswahili taratibu, akichagua kila neno, maana kwake hiyo ni lugha ya wageni. Alipogeuka kumwita jirani amwambie jambo, alizungumza Kisandawe, na maneno yakaanza kugongana mdomoni mwake kwa ile sauti ya ulimi kubanduka kwenye kaakaa, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa. Mke wangu aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote akasimama mdomo wazi. Akaomba afundishwe neno moja tu, la kusema asante. Akajaribu. Akajaribu tena. Mara ya tatu mpishi akauachia mchi, akaketi chini na kucheka mpaka machozi yakamtoka, na jirani naye akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu sijawahi kumwona mke wangu akipata sifuri.

Akatupakulia. Kwenye sahani ya bati aliweka ugali wa rangi ya majivu, wa uwele, uliotokana na unga alioutwanga mwenyewe asubuhi ile. Kando yake palikuwa na mlenda uliokolezwa karanga. Mimi nimekula ugali maisha yangu yote, na kwa kazi yangu naweza kusema nimeusaga unga mwingi kuliko watu wengi walio hai. Nilimega tonge, nikachovya, nikala. Ule ugali ulikuwa na ladha yake wenyewe, kabla ya mboga; ulikuwa na utamu wa mbali kama njugu zilizokaangwa kidogo, na ukiutafuna ulikuwa na punje ndogo ndogo zinazouzuia usiteleze haraka. Mezani palikuwa na dereva wa lori la alizeti, mwanamume mkubwa mwenye koti la kijani. Aliponiona namega la pili kabla sijameza la kwanza akaniambia, "Mimi kituo changu cha kula ni hapa. Nikipita bila kusimama, siku hiyo nahesabu sijala."

Nilipomaliza nilikwenda kwenye mashine nikiwa na hamu ya kuwalipa watu hawa kwa kazi safi. Nilifungua, nikakuta beringi moja imekufa na nyundo, vile vyuma vinavyoponda nafaka, zimelika upande mmoja. Ndiyo maana ilikuwa inatetemeka. Nikabadilisha beringi, nikafunga nyundo mpya. Kisha nikatazama chekeche, lile bati gumu lenye matundu linalokaa chini ya nyundo na kuamua unga utoke laini kiasi gani. Lilikuwa la zamani, lenye matundu makubwa, limechanika pembeni. Nikalitoa na kulitupa nyuma ya pikapu. Kwenye sanduku langu nilikuwa na chekeche jipya, la matundu madogo kabisa, lile ambalo wateja wangu wa mjini wanalipenda kwa sababu linatoa unga laini kama poda. Nikawafungia hilo. Sikuwaeleza. Nilitaka wafurahi wenyewe.

Alasiri mashine ikawashwa. Haikutetemeka. Mwenyekiti akamimina debe la kwanza la uwele, na unga ukatoka laini, mwembamba, ukapeperuka kwenye mwanga wa mlango. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikachukua kidogo, nikausugua kati ya vidole kama nifanyavyo siku zote, nikatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpishi naye alikuwepo. Hakupiga kigelegele. Alikinga bakuli, akalijaza unga, akavuka barabara kurudi jikoni kwake.

Haikupita saa moja akarudi, bakuli mkononi, unga umebaki nusu. Akaja akasimama mbele yangu, kwa adabu, akasema, "Baba, samahani. Huu mimi siwezi kuwapikia watu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unga una nini?"

"Umeungua."

Mwenyekiti akamwambia jambo kwa Kisandawe, haraka haraka, nadhani alikuwa anamkanya asimwaibishe mgeni. Mpishi alinisogezea bakuli. Alinitazama mimi tu.

Nakiri nilikasirika. Nilimwambia, kwa sauti iliyokuwa juu kuliko ilivyostahili, kwamba nafanya kazi hii tangu kabla wateja wake hawajazaliwa, kwamba unga laini kama huu Dodoma mjini watu wanaupangia foleni, na kwamba unga hauwezi kuungua kwenye mashine iliyofungwa vifaa vipya. Nikageukia mke wangu nikitegemea ataniunga mkono. Alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, na uso wake ulikuwa ule aliokuwa akiwaonyesha walimu vijana waliogombana na mwanafunzi kabla ya kusoma alichoandika.

"Umeuonja?" akaniuliza.

"Nimeushika."

"Sijakuuliza hilo."

Tukavuka barabara, mimi, mke wangu, mwenyekiti na mpishi. Dereva wa lori alikuwa bado yupo, anasubiri magunia yake yapakiwe. Mpishi akatia maji kwenye sufuria mbili zilizolingana. Katika moja alisonga unga alioutwanga kwenye kinu, katika nyingine akasonga ule wa mashine yangu. Nilikaa karibu na moto nikitazama. Hakuharakisha. Mwiko wake uliingia na kutoka kwa nguvu ile ile, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Kabla hajaipua nilikwishaanza kuona tofauti, ingawa sikutaka kuisema. Ugali wa kwanza ulijikusanya, ukawa mmoja, ukaacha ukuta wa sufuria. Wa pili uling'ang'ania mwiko kama gundi.

Akapakua vibonge viwili kwenye sahani moja, bila mboga, akanisogezea.

Nikala wa kwanza. Nikala wa pili. Wa pili ulinata kwenye meno, na baada ya kuumeza ukaja uchungu mdogo nyuma ya ulimi, harufu ya kitu kilichokaa jikoni dakika moja zaidi ya ilivyotakiwa. Nikarudia wa kwanza. Nikarudia wa pili. Dereva wa lori akamega naye, bila kukaribishwa, akakunja uso.

"Mama," nikamwambia mpishi, "nieleze."

Alifikiri, akitafuta maneno. Kisha akasema kwamba uwele si mahindi. Punje yake ni ndogo na ina mafuta ndani. Ukiulazimisha uwe laini sana, mashine inauzungusha mle ndani muda mrefu, unapata moto, yale mafuta yanachacha kabla hata hujaubeba kwenda nyumbani. Unga wa namna hiyo ukikaa siku mbili, hata kuku anaugeuzia mgongo.

"Mimi huwa naweka mkono pale unga unapotokea," akasema, akanyoosha kiganja chake kilichojaa sugu za mchi. "Unga mzuri unakusalimia kwa vuguvugu. Huu wa leo umeniunguza."

Niliona aibu, lakini juu ya aibu hiyo nilikuwa namshangaa. Miaka yangu yote nimeupima unga kwa vidole, nikiridhika ukiwa laini, na sikuwahi kumfuata mtu hata mmoja mpaka jikoni kwake nikaona unavyogeuka kuwa chakula. Mwanamke huyu hajawahi kufungua mashine wala kushika spana. Lakini alikuwa ameielewa mashine yangu kwa kiganja na ulimi, na angeweza kunyamaza, apike, apokee sifa za ulaini wa unga kama wengine. Alikuwa amekataa mbele ya kijiji kizima, mbele ya mgeni mwenye pikapu, kwa sababu wasafiri wanaosimama kwake wanamwamini.

"Nisamehe kwa maneno niliyosema pale," nikamwambia.

"Mtu akichoka na safari husema," akajibu. "Hayo yameisha. Sasa tufanyeje?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuja. Sikuwa na chekeche la matundu makubwa. Kulifuata Kizota na kurudi ni siku mbili, na akina mama walikwishapanga magunia mlangoni. Mke wangu ndiye aliyesema, "Lile ulilolitupa nyuma ya gari, haliwezi kushonwa?"

Nikalishusha. Tundu lililochanika lilikuwa refu kama kidole cha shahada. Nikakata kipande cha bati gumu kutoka kwenye kifuniko cha sanduku langu la vifaa, nikakipima, nikatoboa matundu kwa msumari wa chuma na nyundo, moja moja, nikilinganisha na yale ya zamani. Mpishi alikuja akaketi kwenye kigoda akitazama kazi yangu kama mimi nilivyotazama yake. Kila baada ya muda alikuwa ananyoosha kidole: "Hilo dogo." Nami nalipanua. Nikakifunga kiraka kwa ribiti, vile vipini vifupi vya kubania mabati, nikalisugua chekeche zima kwa brashi ya waya mpaka likang'aa. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mwenyekiti akasema tupumzike, kazi imalizike kesho, tukalala kwake.

Asubuhi kulikuwa na baridi kali, na watu walijaa kuliko jana. Nadhani habari zilikwishasambaa kwamba mama wa mgahawa amemrudisha fundi kazini. Nikafunga chekeche, nikawasha. Kabla sijamimina nafaka nikamwita mpishi, nikamwomba asimame pale unga unapotokea. Akakunja upindo wa khanga, akaweka kiganja.

Uwele ukashuka. Nyundo zikabadilisha mlio, zikawa na sauti nzito zaidi, tulivu. Unga ukaanza kutoka, wa kijivu, wenye punje. Mpishi alifumba macho. Akaukusanya kiganjani, akaunusa, akatia kidogo ulimini.

"Punguza kidogo unavyomimina," akamwambia mwenyekiti, na mwenyekiti, mwanamke yule mwenye haraka, akapunguza.

Akaonja tena. Safari hii alitikisa kichwa kwa kukubali, akajaza bakuli lake, akavuka barabara kurudi jikoni. Kelele za shangwe zilizofuata zilinifanya niiname nijifanye nafunga nati. Nimewahi kupewa mbuzi kwa kazi yangu, nimewahi kusifiwa na watu wenye vyeo. Sijui kwa nini kile kichwa kilichotikiswa mara moja kilinifikia ndani namna ile.

Tulikula kwake mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Mchana ule alichinja kuku, akakataa katakata mke wangu asimenye hata kitunguu. Wakati tunakula mke wangu akasema kwa sauti, polepole, lile neno la asante kwa Kisandawe. Alikuwa amelifanyia mazoezi kitandani, mimi nikidhani anatafuna kitu usingizini. Mlio haukutoka sawasawa, lakini ulitoka. Mpishi hakucheka safari hii. Alimshika mkono akamjibu kwa lugha yake, sentensi ndefu, na hakuna aliyetutafsiria, wala hatukuuliza.

Nilirudi Kizota nikatengeneza machekeche ya uwele, na mengine ya mtama, kila moja na matundu yake. Nikawa nawauliza wateja kwanza mnasaga nini, mnapenda ugali wa namna gani, na nani hapa kijijini anapika vizuri kuliko wote. Swali hilo la mwisho huwachekesha watu, lakini sijawahi kukosa jibu. Kila kijiji kinamjua.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kufunga mashine mpya kabisa katika kijiji kilicho mbele zaidi, upande wa Kwa Mtoro. Nikampigia simu mama wa mgahawa wa ng'ambo ya Mto Bubu nikamwomba atusindikize. Alisema atafikiri. Siku ya safari tulimkuta amesimama barabarani na kikapu, amevaa gauni la kanisani, mgahawa amemwachia dada yake. Tulibanana watatu kwenye kiti cha mbele, yeye dirishani, na njia nzima alikuwa anamwonyesha mke wangu majani yanayofaa kwa mlenda na yale yanayodanganya.

Kazi ilipokwisha na unga wa kwanza kutoka, akina mama wa kule hawakuniuliza mimi kitu. Walimzunguka yeye. Niliwaacha, nikafagia vumbi la saruji, nikafunga vifaa vyangu. Baadaye tuliitwa kula kwenye kibanda cha mpishi wa kijiji kile, msichana mdogo bado, wa miaka ishirini na kitu, ambaye aliifuta sahani mara mbili kabla ya kutuwekea mezani. Alikwishasikia mgeni wake ni nani.

Mama wa mgahawa alinawa. Akamega tonge, akalizungusha kiganjani, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya kwenye mboga na kula. Alitafuna polepole. Yule msichana alisimama mlangoni ameshika kitambaa cha mikono kwa nguvu.

"Huu mlenda," mama akamuuliza, "umeutia nini?"

Msichana akataja jani moja, kwa lugha yao.

Mama wa mgahawa akasogea kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyo kando yake. "Njoo ukae hapa," akasema. "Hilo mimi silijui. Niambie unalichuma wapi."